Bomba Linalomsalimia Bibi

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza anayofundishwa mtu yeyote anayeanza kuandika filamu, na ndiyo sababu watu wa fani hii mpaka leo wanatumia herufi za Courier za ukubwa wa 12, zile zinazofanana na za taipureta. Kila herufi inachukua nafasi sawa na mwenzake, kwa hiyo huwezi kuubana ukurasa ili uonekane mfupi. Mashindano ya skripti fupi huweka ukomo wa kurasa, na yale ninayotaka kuyasimulia hapa yalitaka zisizidi kumi. Dakika kumi, jamani. Foleni ya chakula siku ya pilau inachukua muda mrefu zaidi.

Anayeandika filamu ya mapenzi ana unafuu. Chumba anakijua mtazamaji, mji anaujua, mama mkwe anamjua. Anayeandika hadithi ya kisayansi ana mzigo wa ziada, maana inabidi ajenge dunia ambayo haipo, halafu aweke watu ndani yake, halafu watu hao wapate shida, na yote hayo kabla ukurasa wa kumi haujaisha. Ndiyo maana skripti nyingi za aina hii zinazosomwa na wanafunzi wenzangu pale vimbwetani zinafanana: sauti inatuambia ni mwaka 2090, kulikuwa na vita, roboti wametawala, serikali ya dunia iko mwezini. Tunafika ukurasa wa nne na bado hakuna mtu hata mmoja aliyefungua mlango.

Niko mwaka wa tatu CIVE. Kwa miaka miwili nimeandika skripti fupi sita za namna hii na kuzituma huku na kule. Watu wananiuliza maswali mawili tu. La kwanza: hivi hizi sayansi za kubuni si mambo ya Wazungu? La pili: kwenye haya mashindano kuna hela kweli?

La kwanza lina majibu ya zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi, ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anaingizwa kwenye chombo kinachomrusha mpaka dunia nyingine. Kwa Kiswahili, na bila kuomba radhi kwa mtu. Mwaka 2009 Mkenya mwingine, Wanuri Kahiu, akatengeneza Pumzi, filamu ya dakika 21 hivi. Ni miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, iliyokuwa vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jumuiya iliyofungwa inayoitwa Maitu, na jasho na mkojo wao vinasafishwa viwe maji ya kunywa. Msichana anayeitwa Asha anapata udongo wenye dalili ya uhai, anapanda mbegu, kisha anatoka nje kuutafuta mti. Filamu hiyo ilionyeshwa Sundance mwanzoni mwa 2010. Ukitaka kujifunza jinsi ya kujenga dunia bila hotuba, itazame mara mbili, mara ya pili ukiwa umezima sauti.

Halafu kuna mfano wa nyumbani kabisa. Mwaka 2021 UNESCO na Netflix walitangaza shindano la filamu fupi za ngano za Kiafrika zilizosimuliwa upya. Yaliingia maombi zaidi ya 2,000 kutoka nchi 13, wakachujwa 21, wakabaki 6. Kila mshindi alipata dola 25,000 na bajeti ya kutengeneza filamu isiyozidi dola 75,000. Mmoja wa wale sita alikuwa Mtanzania, Walt Mzengi, na filamu yake, Katope, ilitoka Netflix tarehe 29 Machi 2023. Mwanamke aliyetamani mtoto anamfinyanga kwa udongo. Mtoto anapata uhai, kisha anafunga safari ya kumaliza ukame wa kijiji chake, safari inayoweza kumgharimu uhai huohuo. Na humo ndani watu wanaongea Kigogo. Ndiyo, Kigogo, lugha ambayo wengine tulikuwa tunachekwa tukiitumia bwenini.

Katope ni ngano, siyo hadithi ya kisayansi. Ila katika wale wale sita alikuwemo Mnigeria Korede Azeez na Halima's Choice: watu karibu wote duniani wamehamia kwenye ulimwengu wa kompyuta, na msichana wa kijiji cha Wafulani kilichobaki nje anakimbia ndoa ya kupangiwa, akiondoka na mwanamume ambaye ni akili bandia. Zote mbili zilipita kwenye mlango mmoja.

Niliyaeleza haya yote kwa rumeti wangu nikiwa nimechangamka. Anasoma sosholojia, na watu wa sosholojia wana tabia ya kukuharibia furaha. Akasema: "Umeona kitu lakini? Pumzi haina maji. Katope haina mvua. Majaji wanaipenda kiu yetu. Na wewe unataka kuwauzia ya mama yako."

Sikulala vizuri usiku ule, kwa sababu ni kweli nilikuwa nimeanza skripti ya maji, na ni kweli mama yangu yuko kijijini Chamwino anaamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya ndoo.

Anayesoma hapa na hakuzaliwa huku ajue jambo moja. Dodoma inapata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni upepo na vumbi, lile lile linaloingia kwenye laptop zetu. Mji ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, chuo chetu kikaanzishwa 2007, na tangu 2016 Serikali ikahamia kwa kasi. Kwa miaka mingi mzigo mkubwa wa mji umebebwa na visima vya Makutupora. Wizara zimehamia, wafanyakazi wamehamia, na sisi wanafunzi kwa maelfu tumehamia. Mvua haijahamia.

Kwa hiyo kukaa Ugogo na kuandika juu ya maji siyo kuazima shida ya mtu. Lakini swali la rumeti lilibaki palepale: unaiandikaje bila kuiuza?

Jibu nililipata kwenye historia. Wazee wa Ugogo wanaikumbuka njaa iliyoitwa Mtunya, ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Ukiisimulia haraka utasema mvua haikunyesha, watu wakafa. Ukiisimulia vizuri unaanza mapema kidogo: jeshi la Wajerumani, kisha la Waingereza, lilipita likachukua nafaka, likachukua ng'ombe, likachukua wanaume wakabebe mizigo. Halafu ndiyo mvua ikakosekana, na ghala lilikuwa tupu tayari. Ukame ulikuwepo, lakini kabla ya ukame kulikuwa na mtu aliyeamua nani ale. Nikaona tofauti hapo. Ukionyesha ardhi iliyopasuka na mtoto mwenye midomo mikavu, umepiga picha ya kiu. Ukionyesha nani anashika funguo za bomba na kwa sheria gani, hapo una hadithi.

Na funguo za bomba zinabadilika mbele ya macho yetu. Sote tunaijua LUKU ya umeme. LUKU ya maji nayo imeshafika katika baadhi ya vijiji vya nchi hii: unaweka salio, unagusisha kifaa chako bombani, maji yanatoka mpaka salio liishe. Sina ugomvi nayo. Kuna sehemu imepunguza bomba kukaa limeharibika kwa miezi kwa kukosa fedha za matengenezo. Mimi nilisogeza hatua moja tu mbele. Hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata siku zote: badilisha kitu kimoja, kila kingine kiache kama kilivyo. Nyumba zile zile, kanga zile zile, mbuzi wale wale. Bomba tu ndilo jipya.

Katika skripti yangu bomba linatambua sauti. Wazee wana haki ya ndoo mbili za bure kila siku, na bomba linamsalimia kila mzee kwa lugha yake kabla ya kufunguka. Bibi mmoja anafariki usiku. Nyumba ile inaishi kwa ndoo zake mbili. Wakitangaza kifo, mgao unafungwa siku hiyohiyo. Wakinyamaza, maji yanaendelea kutoka, ila hawawezi kulia, hawawezi kuweka turubai, hawawezi kukaa matanga. Wachague: wamlilie bibi au wanywe maji. Sini ya kwanza inakwenda hivi:

NJE. BOMBANI – ALFAJIRI

Giza halijaisha. Nguzo ya saruji, taa ndogo ya kijani. BINTI (12) anatua ndoo. Anasubiri.

BOMBA
Mbukwa, bibi. Umeamkaje?

Binti anatazama nyuma. Hakuna mtu. Anatoa kitochi kwenye pindo la kanga, anabonyeza.

SAUTI YA BIBI
Nimeamka salama. Nipe zangu mbili.

Maji yanatoka.

Ni robo tatu ya ukurasa. Hakuna mwaka uliotajwa, hakuna anayeeleza teknolojia. Mtazamaji anaelewa kwamba bomba linasikia, kwamba bibi hayupo, na kwamba mtoto anaogopa. Simu ya kitochi niliiweka makusudi: kitu cha zamani kinadanganya kitu kipya, na kila mtu kwenye ukumbi ana shangazi mwenye kitochi.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kilele cha kawaida. Familia inaficha, jirani mbaya anagundua, anakwenda kushtaki. Likizo ilipofika nikamsomea mama wakati anapukuchua karanga. Alisikiliza yote, hakunikatiza, kisha akasema:

"Mwanangu, msiba haufichiki kijijini. Bibi asipotoka nje siku moja, watu wote wameshajua."

"Sasa wanafanyaje, mama?"

"Wanakuja kukaa. Huwezi kuacha watu peke yao na maiti. Wanakuja mmoja mmoja, wanasema wamekuja kuomba chumvi."

Mama hajawahi kuona skripti maishani mwake. Sentensi ile ilinipa nusu nzima ya pili. Yule jirani mbaya nikamfuta. Sasa kijiji chote kinajua. Siku nzima wanaingia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kikombe kitupu, anaomba chumvi, anaketi kimya kwa muda, anatazama mlango wa chumba cha ndani, anaondoka na kijiko cha chumvi. Ni matanga yasiyo na sauti. Jioni anabisha hodi mtu ambaye wote wanamwogopa, fundi anayesimamia bomba, ambaye kazi yake ni kuripoti vifo. Anasimama mlangoni. Naye ana kikombe.

Nilimsomea rumeti. Alinyamaza, kisha akasema, "Hii hujauza." Kwa mtu wa sosholojia, hizo ni pongezi kubwa.

Sasa twende kwenye swali la pili, la hela.

Mashindano ninayoyasema ni ya nje, yanaendeshwa mtandaoni, na jina lake nitaliacha. Wanafunzi walikuwa hawalipi. Hilo kwangu lilikuwa muhimu, kwa sababu ada ya kushiriki ya dola 30 au 40 ni jambo la kawaida kwenye mashindano mengi, na ukipiga hesabu kwa bumu lako utaona unachagua kati ya skripti na wiki mbili za kula. Nilitafsiri kwa Kiingereza, nikaondoa jina langu kwenye kurasa kama walivyoagiza ili wasomaji wasijue mwandishi ni nani, nikatuma. Baada ya miezi mitatu ikaja barua pepe: nimo katika kumi bora. Mshindi angepata dola 1,000. Wasomaji wawili walikuwa wameandika maoni. Mmoja aliuliza kwa nini familia isichimbe kisima. Mwingine aliandika kwamba aliposoma sini ya fundi na kikombe alisimama, akaenda kumpigia simu dada yake.

Pamoja na barua hiyo kulikuwa na fomu ya kurasa nne, ya kusaini kabla ya Ijumaa. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba yeyote aliyefika kumi bora, ashinde asishinde, anawapa waandaaji haki zote za hadithi yake, kwa lugha zote, kwa njia zote za kuonyesha, moja kwa moja na bila malipo mengine.

Niliisoma mara nne. Kisha nikaenda kwa mwenzetu anayesoma sheria, akanieleza bila kunitisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi uliyoiandika tangu unapoiandika. Hailindi wazo lililoko kichwani. Maana yake bomba linalosikia sauti linaweza kuandikwa na yeyote, lakini kurasa zangu kumi ni zangu mpaka nisaini kuwa siyo zangu. Na fomu ile ilikuwa inaomba hasa hicho.

Niliwaandikia kwa adabu, nikapendekeza wachukue haki ya kutengeneza filamu kwa Kiingereza kwa miaka miwili, na Kiswahili na Kigogo zibaki kwangu. Walijibu siku ya pili: fomu haibadilishwi.

Dola 1,000 siyo mchezo. Mwenzangu mmoja alinikumbusha kuwa hata nisiposhinda, "kumi bora" kwenye wasifu wangu ingetosha kunifungulia milango mingine, na alikuwa sahihi. Nilimpigia mama nikamweleza, nikitegemea aseme saini mwanangu, tuna madeni. Akauliza swali moja: "Wakishaichukua, wewe utaruhusiwa kuisimulia?"

Kwa maneno ya fomu ile, hapana. Nisingeruhusiwa kuitengeneza kijijini kwetu, kwa lugha yetu, na ile chumvi ya mama ingekuwa mali ya watu ambao hatutawahi kuwaona. Alhamisi usiku niliandika barua ya kujitoa. Rumeti alisema, "Umekataa hela kwa ajili ya chumvi." Nikamwambia ndiyo. Bado kuna siku, hasa bumu likichelewa, naipiga tena ile hesabu ya dola 1,000 kwa shilingi.

Sisemi msishiriki. Mimi mwenyewe natuma skripti nyingine mwezi ujao. Shindano linakupa vitu viwili ambavyo hapa chuoni ni vigumu kuvipata: tarehe ya mwisho isiyosogea na msomaji asiyekujua. Lakini soma masharti kabla hujaanza kuandika, siyo baada ya kuchaguliwa, wakati mikono inatetemeka kwa furaha. Tafuta mahali panapozungumzia haki: je, wanaomba za washindi tu au za kila aliyetuma? Kwa muda gani? Kwa lugha zipi? Tunza rasimu zako zote na tarehe zake. Programu ya kuandikia isikusumbue. Ninayotumia, Trelby, ni ya bure na inapanga ukurasa yenyewe. Na mtafute mtu mmoja asiyejua chochote kuhusu filamu, umsomee kwa sauti. Huyo atakuambia ukweli ambao majaji hawaujui.

Kuhusu ile ya bibi, nimeamua kuitengeneza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kurekodi, kwa hiyo skripti itakwenda Bodi ya Filamu kwanza. Nimeshairudisha Kiswahili, na sini za bombani ziko kwa Kigogo, mama amezikagua. Nguzo ya bomba tunaweza kuijenga kwa siku moja. Kamera itakuwa simu. Tutarekodi Chamwino likizo ya Agosti, wakati vumbi liko tayari na halihitaji kulipwa.

Kinachopungua ni watu: mmoja wa sauti, mmoja wa taa, na majirani kama kumi na wawili wa kuingia mlangoni bila kuongea sana. Jioni za Jumatano tunakutana kwenye vimbweta vya CIVE, upande wenye kivuli. Njoo na kikombe. Ukiulizwa umefuata nini, sema umekuja kuomba chumvi.